Kadari na Mtaro

Swali la kale la ilmu ya kalam, yaani elimu ya Kiislamu inayochunguza itikadi kwa hoja, ni hili: ikiwa kila linalotokea limekwisha kuandikwa, mwanadamu anabaki na jukumu gani juu yake? Mjini Mombasa swali hilo haliishii darsani wala katika mabaraza ya misikiti. Mvua ya masika inaposhuka kwa nguvu na barabara za kisiwani zikageuka mito, watu wa dini zote hulijibu kwa kauli moja fupi, kwamba hiyo ni kadari ya Mungu, na kauli hiyo hutoka kinywani mwa muuza mboga aliyepoteza mtaji wake sawasawa na inavyotoka kinywani mwa afisa ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mitaro imezibuliwa kabla ya mvua. Maneno ni yale yale, ila kazi yanayofanya ni mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayochunguzwa hapa.

Mwembe Tayari, mtaa uliopo kandokando ya Barabara ya Jomo Kenyatta, unafaa sana kwa uchunguzi huu, kwa sababu hapo utalii wa Mombasa unaonekana kwa upande wake wa nyuma, upande ambao mgeni hauoni ila akipita garini. Kwa miaka mingi mabasi ya bara yameondokea na kufikia hapo. Soko lipo, mahamali wapo na mikokoteni yao, wapo wauza viatu na leso, na wapo akina mama ambao tangu alfajiri wana mahamri na mbaazi kwa abiria walioshuka na kwa makanga ambao hawajalala. Hakuna kati yao anayejihesabu kuwa mtu wa utalii, lakini mhudumu wa hoteli ya Nyali au Bamburi anayesafirisha watoto wake kwenda kwao bara wakati wa likizo hukata tiketi hapo, na mshahara wake, ambao mara nyingi ni wa kibarua wa msimu, hugawanyika katika mikono ya watu hawa kabla haujamaliza wiki mbili. Mgeni akivunja safari yake huko Ulaya kwa kuwa amesoma habari za mafuriko, hasara haiishii hotelini. Inashuka ngazi kwa ngazi mpaka imfikie asiyejua kwamba mgeni huyo aliwahi kuwapo.

Uchumi wa namna hii tangu hapo ulikuwa uchumi wa pepo na misimu. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, mbingu huwa nyeupe na hoteli hujaa. Kusi inapoingia pamoja na masika, kuanzia Aprili hadi Juni, baadhi ya hoteli hupunguza wafanyakazi au hufunga ili kufanya matengenezo, na watu wa pwani walijifunza zamani kuweka akiba kwa ajili ya miezi hiyo. Linaloharibu hesabu sasa ni kwamba misimu haishiki tena ahadi yake. Vuli, mvua ya Oktoba hadi Desemba ambayo kwa kawaida ni nyepesi, huzidi mara kadhaa katika miaka ya El Niño, yaani miaka ambayo maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta hupata joto kupita kiasi, na huzidi zaidi iwapo wakati huohuo maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yana joto kuliko yale ya mashariki. Mvua ya namna hiyo huja mlangoni pa msimu wa wageni, wakati ambapo akiba imekwisha na matumaini yote yamewekwa katika Desemba.

Mwaka 1997 ulionyesha jambo hili kwa ukamilifu wake. Mvua zilizoanza Oktoba zilibomoa madaraja na kuikata barabara ya Nairobi na Mombasa, na miezi michache baadaye, mapema mwaka 1998, joto la bahari likafanya chini ya maji kile ambacho mvua ilikuwa imefanya juu ya nchi. Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi kwa makundi na kujenga mwamba. Rangi yake na sehemu kubwa ya chakula chake hutoka kwa mwani mdogo mno unaoishi ndani ya mwili wake, na maji yakizidi joto huutoa mwani huo, akapauka, na joto likidumu akafa. Katika miamba mingi ya pwani ya Kenya, pamoja na ile ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotengwa mwaka 1986, sehemu kubwa ya matumbawe ilikufa mwaka huo, na mwenye mashua ya sakafu ya kioo akabaki akiwaonyesha wageni mawe meupe. Lakini mwandishi mwaminifu hana budi kuongeza kwamba wageni walikuwa wamekwisha kupungua kabla ya mvua hizo, kwa sababu ya machafuko ya kisiasa ya Likoni ya Agosti 1997, ambayo hayakuletwa na wingu lolote. Anayeitupia mbingu hasara yote ya mwaka ule huwasitiri watu fulani.

Jibu la kwanza ambalo dini hufanywa ilitoe, pengine bila ridhaa yake, ni kwamba maafa ni adhabu. Pwani jibu hili lina mvuto wa pekee kwa sababu ufuo wa hoteli una mambo ambayo mwenye kutafuta dhambi hahitaji kuyatafuta mbali: vileo, mavazi, biashara ya miili, watoto walioacha shule ili kuwafuata wageni. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, hotuba za namna hiyo zilisikika katika nchi nyingi zilizopakana na Bahari ya Hindi. Tsunami ni mawimbi yanayozaliwa na mtikisiko wa sakafu ya bahari, na yale ya siku ile yalitoka karibu na Sumatra, yakavuka bahari nzima kwa saa chache, yakafika Afrika Mashariki katikati ya msimu wa wageni. Huko Mombasa watu waliondolewa ufukweni, bahari ikarudi nyuma kisha ikapanda, na katika pwani yote ya Kenya aliyepoteza maisha alikuwa mtu mmoja. Mahali palipopigwa vibaya zaidi katika bara zima la Afrika palikuwa Hafun, rasi ya kaskazini-mashariki mwa Somalia, kijiji cha wavuvi Waislamu maskini kisicho na hoteli wala baa.

Hoja ya adhabu haiwezi kulivuka jambo hili. Ikiwa wimbi lilitumwa kuwaadhibu wanywaji wa Bamburi, basi lilikosea njia kwa umbali wa zaidi ya kilomita 1,500, na anayemwamini Mungu mwenye elimu yote hawezi kusema kwamba Mungu hukosea njia. Kwa wasomaji wa Biblia jambo hili lilikwisha kutolewa uamuzi. Kitabu cha Ayubu kimewalaumu marafiki waliomwona mwenye msiba wakamtafutia kosa, na Injili ya Luka inasimulia jinsi Yesu alivyokataa katakata dhana kwamba watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa na dhambi kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Katika Uislamu vilevile wanavyuoni walitenganisha adhabu zilizoteremka juu ya kaumu zilizotajwa katika Qurani, ambazo zilijulikana kuwa adhabu kwa kuwa wahyi ulisema hivyo, na misiba ya kawaida, ambayo baada ya kukatika kwa wahyi hakuna anayeruhusiwa kuisomea hukumu ya ghaibu. Mhubiri anayejua kwa yakini kwa nini mafuriko yalipita mtaa huu yakauacha ule amejitwalia cheo ambacho hakuna sheikh wa darsa lolote angethubutu kukidai kwa kauli ya wazi.

Jibu la pili, lile la kadari, ni zito zaidi na linastahili heshima. Waislamu wa pwani kwa wingi wao ni wa madhehebu ya Shafi katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, na wafuasi wa Imamu al-Ashari katika itikadi, na mafundisho ya al-Ashari yanasema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye muumba wa kila tendo, ila mwanadamu hulichuma tendo lake, na kwa uchumaji huo, unaoitwa kasb, huwa na dhima juu yake. Fundisho hili limewasumbua wanafunzi kwa karne nyingi, na hapa si mahali pa kulimaliza. Linalotosha ni kanuni ambayo wanavyuoni waliijenga juu yake, nayo ni kwamba kadari hutolewa hoja katika misiba, wala haitolewi hoja katika makosa. Aliyefiwa, aliyeibiwa, aliyechukuliwa mali na maji, anaposema kwamba hayo yameandikwa, anasema kweli na anajipa subira. Mwizi anaposema maneno hayohayo mbele ya hakimu, hasikilizwi.

Shida ya mafuriko ya mjini ni kwamba msiba na kosa huja katika ndoo moja. Mvua ni msiba, au neema iliyozidi kipimo. Mtaro ulioziba ni kosa. Wakati kijana wa kazi anapouzibua kwa koleo na kurundika uchafu wake ukingoni, kadari yote huonekana pale kwa macho: chupa za plastiki, vifuu vya madafu, maganda ya mahindi na ya miwa, tambara, na mchanga uliomwagika kutoka kwenye jengo linalopandishwa ghorofa ya saba. Mifuko ya plastiki imepungua tangu Kenya ilipoipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, jambo ambalo lenyewe lathibitisha kwamba sehemu ya yaliyokuwa yakiitwa mapenzi ya Mungu iliweza kuondolewa kwa tangazo katika gazeti la serikali. Kisiwa chenyewe ni mwamba wa matumbawe wa kale, wenye matundu, uliozoea kuyanywa maji ya mvua. Maji hayo sasa hukutana na saruji na lami, na yakikosa pa kuzama huingia katika mashimo ya vyoo na kutoka nayo yaliyomo, na kipindupindu kikafuata bila ya kuhitaji ufafanuzi wa kitheolojia.

Ulaya ililipitia swali hilihili baada ya mtetemeko wa ardhi ulioubomoa mji wa Lisbon tarehe 1 Novemba 1755, siku ya sikukuu ya Watakatifu Wote, wakati makanisa yamejaa. Mwanafalsafa Voltaire aliona katika maafa hayo ushahidi dhidi ya wale waliodai kwamba ulimwengu umepangwa kwa namna iliyo bora kabisa. Mwanafalsafa mwenzake, Rousseau, akamwandikia mwaka 1756 kumkumbusha kwamba si maumbile yaliyozirundika nyumba za ghorofa sita na saba mahali pamoja. Hoja ya Rousseau husifiwa kama mwanzo wa fikra za kisasa juu ya maafa, lakini msomaji wa Mombasa anayo hoja iliyoitangulia kwa zaidi ya miaka 1,100. Khalifa Umar bin al-Khattab alipokuwa njiani kuelekea Sham alifikiwa, mahali paitwapo Sargh, na habari kwamba tauni imeingia nchi hiyo, naye baada ya kushauriana na watu akaamua kurejea. Abu Ubayda bin al-Jarrah, jemadari wake, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu la Umar, kama lilivyopokewa katika vitabu vya hadithi, lilikuwa kwamba anaikimbia kadari kwenda katika kadari, na akatoa mfano wa mchungaji mwenye ngamia aliyeshukia bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapowalisha itakuwa kwa kadari, lakini atakayewaacha upande mkavu atahesabiwa kuwa ameshindwa kazi. Hakuna katika maneno hayo kuipunguza imani hata kidogo. Kilichokataliwa ni kuifanya imani iwe kivuli cha uzembe.

Tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, nayo ina vipimo vyake. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika sehemu ya kitabu chake Ihya Ulum al-Din inayohusu jambo hilo, aligawanya sababu za mambo katika zile za yakini, zile za dhana yenye nguvu na zile za kuwazia tu, akasema kwamba asiyenyosha mkono kukichukua chakula kilicho mbele yake kwa madai ya kumtegemea Mungu hana tawakkul bali ana wazimu. Utabiri wa hali ya hewa ulikuwa, kwa babu wa mabaharia wa leo, jambo la nyota na uzoefu. Sasa kwa misimu ya vuli umefikia daraja ya dhana yenye nguvu, kwa sababu joto la bahari hupimwa miezi kadhaa kabla ya mvua kushuka. Je, mwenye mamlaka aliyepewa dhana hiyo akakaa kitako amemtegemea Mungu, au amekataa kunyosha mkono?

Mwaka 2023 uliliuliza swali hili kwa ukali. Kenya ilikuwa imetoka katika misimu mitano mfululizo ya mvua zilizokosekana. Mnamo Novemba 2022 Wizara ya Utalii ilieleza kwamba katika muda wa miezi tisa ndovu 205 walikuwa wamekufa kwa ukame, na Tsavo, hifadhi ambayo wageni wa Mombasa huitembelea kabla ya kurudi ufukweni, ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika. Tarehe 14 Februari 2023 Rais William Ruto aliongoza maombi ya kitaifa ya kuomba mvua katika uwanja wa Nyayo. Kuomba mvua si jambo la kuchekwa. Waislamu wana sala yake maalumu, istiskaa, inayosaliwa uwanjani, na wazee wa makaya ya Wamijikenda wamekuwa wakiomba katika misitu yao mitakatifu tangu kabla ya Mombasa kuwa na reli. Mvua zikanyesha. Kisha wataalamu wakatahadharisha kuhusu El Niño, na Oktoba Rais akawaambia wananchi kwamba isingefikia kiwango cha uharibifu kilichohofiwa. Novemba mafuriko yakaja, Mombasa ikiwa miongoni mwa kaunti zilizopigwa, na nchini kote watu zaidi ya 100 wakafa.

Ni rahisi kulicheka taifa lililoomba maji kisha likazama, na wako waliolicheka. Kasoro haikuwa katika dua. Ilikuwa katika kudhani kwamba dua na koleo ni mawili yanayoshindana, na kwamba aliyetimiza la kwanza amesamehewa la pili. Miji ya kale ya pwani ilikuwa na busara zaidi katika hili. Desturi ya kumzungusha ng'ombe mji mzima ili kuondoa balaa, kisha kumchinja na kuigawa nyama, desturi ambayo Lamu inaikumbuka na ambayo masheikh kadhaa waliilaumu kuwa ni bidaa, ilikuwa dua, lakini ilikuwa pia mchango wa fedha, matembezi yaliyowafikisha wakubwa wa mji katika kila kitongoji, na chakula kwa maskini katika wakati wa hofu. Aliyeulaumu uzushi wake huenda alikuwa na haki kwa upande wa sheria; aliyeiacha bila ya kuweka kitu mahali pake aliuondoa pia mchango.

Likibaki suala la mkono unaopaswa kunyoshwa, huzuka swali la mkono wa nani. Sura ya ar-Rum, katika aya yake ya 41, inasema kwamba ufisadi umedhihiri barani na baharini kutokana na yale ambayo mikono ya watu imeyachuma, na katika miaka ya karibuni aya hiyo imekuwa ikisomwa mara nyingi katika hotuba za mazingira. Husomwa mbele ya watu wa Mwembe Tayari kana kwamba mikono inayotajwa ni yao. Ukweli ni kwamba Kenya nzima, pamoja na viwanda na magari yake, hutoa sehemu ndogo mno ya hewa zinazoupasha ulimwengu joto, na hamali anayesukuma mkokoteni kwa misuli yake hana fungu hata katika hiyo. Aya haikusema mikono ya wanaodhurika. Imesema mikono ya watu, na kuwagawia wote lawama kwa usawa pale ambapo matendo hayakuwa sawa ni dhuluma iliyovikwa joho la unyenyekevu.

Hadithi iliyopokewa na al-Bukhari inawafananisha watu na abiria wa jahazi waliopiga kura, wengine wakapata daraja ya juu na wengine ya chini, na wale wa chini wakaazimia kutoboa tundu katika sehemu yao ili wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu: wakiachwa, wote huangamia. Kwa desturi mfano huu hutumiwa kuhimiza kukatazana maovu. Katika habari ya hali ya hewa, hata hivyo, umegeuka juu chini, kwa kuwa wanaotoboa ni wa daraja ya juu, na maji huanzia kwa wa chini. Isitoshe, jahazi hili lina fumbo la ziada: mgeni anayeleta riziki ya Mombasa huja kwa ndege, na ndege hiyo ni sehemu ya moshi unaopasha bahari joto na kuyapausha matumbawe aliyokuja kuyatazama. Anayemwambia mwenye mashua wa Nyali aikatae safari hiyo kwa ajili ya dunia anazungumza na mtu asiye sahihi.

Fiqhi ina istilahi inayofaa hapa kuliko sadaka, nayo ni dhamana, yaani wajibu wa aliyesababisha hasara kuilipa, awe alikusudia au hakukusudia. Sadaka hutolewa kwa hiari na hushukuriwa, dhamana hudaiwa. Mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Sharm el-Sheikh mnamo Novemba 2022 ulikubali kuanzishwa kwa mfuko wa hasara na uharibifu kwa ajili ya nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, na mwaka uliofuata, huko Dubai, mfuko huo ukaanza kupokea ahadi za fedha, lakini mataifa tajiri yalihakikisha kwamba hakuna neno lolote katika makubaliano linalokiri deni. Wametoa sadaka ili wasilipe dhamana. Kwa mtazamo wa fiqhi, kumpa mtu sehemu ya haki yake na kuiita zawadi hakuifuti haki iliyobaki.

Hata fedha hizo zikifika, zitamkuta nani? Hoteli ina bima, ina vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa, na inaweza kuonyesha vyumba vingapi vilikaa vitupu na kwa muda gani. Mama wa mahamri hana risiti ya unga ulioloa, hana leseni yenye jina lake, na siku ambayo basi halikufika kwa kuwa barabara ilikatika haikuandikwa popote kuwa siku ya hasara. Fiqhi ingekubali, pasipokuwa na hati, ushahidi wa watu wawili waadilifu. Mashahidi wa hasara yake wapo, nao ni makanga, hamali na mwenye kibanda cha jirani, na wote watatu wanajua kwa karibu bei ya unga wa siku ile, lakini fomu za fidia zilizopo hazina mahali pa kuwauliza.